Saizi ya Edinah

Irungu wa Sotik alikuwa na tepu moja ya kupimia, ya kijani, na aliitumia kufunga dirisha la choo lisipigwe na upepo. Kazini hakuihitaji. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa ameshona aproni za kuchumia chai, zile za turubai zinazomkinga mtu na umande na matawi, na kila moja aliikata kwa jicho. Mteja alisimama mlangoni penye mwanga, akaambiwa ageuke, akaambiwa akae. Aproni ikitoka, inamkaa kama alizaliwa nayo. Watu walitoka hata upande wa Kisii kuja kutazamwa na jicho hilo.

Baba yake ndiye aliyetoka Murang'a zamani kuja kuuza sufuria. Irungu mwenyewe alizaliwa hapo hapo Sotik, na alijua Kikipsigis kiasi cha kuomba apunguziwe bei, na kiasi cha kukataa kupunguza yake.

Dukani alishona pamoja na Chelangat, mama wa watoto wawili ambaye alikuwa naye kwa miaka sita. Chelangat alikunja mapindo, akatia mikanda, akaongea na wateja wasumbufu. Mkasi tu ndio hakuruhusiwa kuugusa.

"Mkasi una mwenyewe," Irungu alikuwa akimwambia.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu aliingia Chepkurui, mwenyekiti wa chama cha kina mama wakulima wa chai kutoka Kimulot. Alikataa kiti.

"Fundi, tunataka aproni mia mbili na arobaini. Kwa wiki tatu, kabla mvua ishike. Utaweza?"

"Hizo hesabu zimeshonwa," Irungu akasema, kabla mama hajafunga mdomo.

Chepkurui alipoondoka, Chelangat aliacha pedali ya cherehani. "Fundi, hao wamama mia mbili na arobaini watakuja kusimama hapa mlangoni?"

"Mimi ndio nitawaendea."

Na kweli akaenda. Lakini mtu akisimama katikati ya majani chai unamwona nusu tu, kwa hivyo Irungu alishinda kwenye mistari akipaza sauti, "Mama, toka huko nikuone! Geuka!" Waume wawili walikuja kuuliza huyu mzee anachunguza nini. Jioni alikuwa amewatazama wanawake kumi na tisa, na alipofika Sotik aliwakumbuka wanne. Wiki ilipokwisha, aproni thelathini na moja zilikuwa zimerundikwa mezani na hakuna aliyejua ni ya nani.

"Tufanye saizi," Chelangat akasema.

"Saizi ni ya viatu. Mtu ana umbo."

"Basi hili rundo lina maumbo thelathini na moja na halina hata jina moja."

Irungu alijifanya hakusikia. Siku iliyofuata aliamka macho yamevimba, mekundu kama nyanya, yanatoka machozi na hayataki mwanga. Daktari alimwambia ni ugonjwa wa kuambukiza, akae nyumbani wiki nzima, asikaribiane na watu. Mkewe Wanjuhi alivuta mapazia, akamtia dawa, akamfungia chumbani. Jicho lililovuta watu kutoka Kisii sasa halikuweza kumtofautisha Wanjuhi na kabati.

Siku ya pili Chelangat alikuja akasimama nje ya dirisha.

"Fundi, tumebakisha siku kumi na mbili. Mwambie Chepkurui atafute mtu mwingine, ama uniambie vile unakata."

Irungu hakuwahi kumwambia mtu jinsi anavyokata. Si kwamba alificha. Hakuwa na maneno yake.

"Unaangalia mtu," akasema mwishowe, "unajua."

"Unajua nini?"

"Unajua... kwa mfano, mtu mwembamba mrefu, huyo ni kama Sally wa duka la dawa. Ukimkatia Sally, umewakatia wengi. Halafu kuna mfupi wa mabega mapana, kama Momanyi wa bucha. Wako wanawake wa umbo hilo, wengi tu. Mwembamba mfupi ni wewe mwenyewe."

"Na mnene?"

Irungu alishusha sauti, ingawa alikuwa peke yake gizani. "Edinah."

Edinah ndiye aliyekuwa na hoteli mlango wa pili kutoka dukani kwao, na chapati zake zilijulikana hadi stendi.

"Kwa hivyo ni watu wanne," Chelangat akasema polepole. "Miaka yote hii umekuwa ukikatia watu wanne."

Irungu akafikiri. Alitaka kubisha, lakini kila mteja aliyemjia kichwani aliingia katika mmoja wa hao wanne. "Hata mimi sikujua," akasema.

Chelangat alienda akafungua tepu ya kijani kwenye dirisha la choo, na dirisha likaanza kugongagonga. Sally alikubali kupimwa bila maswali. Momanyi alifikiri anashonewa zawadi. Kwa Edinah, Chelangat aliogopa kueleza, basi alimkumbatia kwa nguvu akisema amemkosa sana, huku amezungusha uzi mgongoni mwake. Kisha akakata katoni nne kwa vipimo hivyo, akaandika jina juu ya kila moja. Zile thelathini na moja za rundo alizilinganisha na katoni moja moja, nazo zikapata majina.

Kwa zilizobaki, Chepkurui aliombwa kwa simu awapange wanachama wake makundi manne kwa umbo, akapewa na majina ya katoni. Chelangat alitandika turubai tabaka nane, akaweka katoni juu, na kwa mara ya kwanza akashika mkasi. Akamwita Onyiego, fundi wa ng'ambo ya barabara, atie mikanda peke yake, na dada yake mwenyewe akunje mapindo. Zamani walikuwa wakitoa aproni tano kwa siku. Siku ya tatu ya mpango huu walitoa ishirini na sita.

Irungu aliporuhusiwa kutoka, alifika dukani akasimama mlangoni. Hakuna aliyeinua kichwa. Akachukua aproni moja, akaigeuza, akatafuta kosa kwa bidii ya mtu aliyeumia. Akapata uzi mmoja unaning'inia. Akaukata.

"Kongoi," Chelangat akamshukuru bila kusimamisha cherehani. "Kaa hapo hapo. Uangalie zote kabla zitoke."

Akakaa. Kabla ya chakula cha mchana alirudisha tisa, mbili kati ya hizo zikiwa na mikanda iliyopinda ambayo hakuna mwingine angeiona, na roho yake ikatulia kidogo. Mzigo ulifika Kimulot siku moja kabla ya mvua.

Mambo yangeishia hapo, kama si simu ya Chepkurui mwezi wa sita. Chelangat alikuwa ameiweka spika, na Edinah alikuwa ndio anaingia na chupa ya chai ya saa nne.

"Fundi, nitumie Edinah kumi na Sally tatu."

Edinah akaweka chupa chini. "Edinah kumi za nini?"

Chelangat ghafla alianza kutafuta sindano chini ya meza.

"Baba Lynn," Edinah akamwambia Irungu, "ndio kusema mimi ndio saizi kubwa ya Bomet nzima?"

"Si kubwa, mama. Ni ya kutosha."

"Nilishangaa ile siku huyu alinikumbatia! Kumbe napimwa kama ng'ombe!" Akasimama mlangoni penye mwanga, mikono kiunoni. "Sasa nipimeni vizuri. Tangu Krismasi nimepungua. Hiyo katoni ikatwe upya."

Chelangat akatoka chini ya meza, akapima. "Imebaki vile vile," akasema.

Edinah akamnyang'anya tepu, akasoma mwenyewe. Ilikuwa imezidi inchi mbili. Wakasubiri mlipuko. Edinah alianza kucheka taratibu, kisha akacheka mpaka akakalia bunda la turubai na kujipangusa machozi kwa leso.

"Andikeni jina langu kwa herufi kubwa," akasema. "Na mtu akitoka Kimulot kununua Edinah, mwambieni Edinah mwenyewe anauza chapati hapo mlango wa pili."

Mwezi wa kumi, wakamua maziwa wa Londiani waliomba aproni mia moja, na Irungu akaenda kwa siku mbili kuzungumza nao. Ukiacha wiki ile ya macho, hakuwahi kusafiri na kuliacha duka likiwa wazi. Saa nne asubuhi alishindwa kuvumilia, akapiga simu.

"Tuko na watu, fundi," Chelangat akamjibu. "Piga saa saba."

Irungu alibaki ameishika simu. Mwenyeji wake akamuuliza kama kuna shida huko Sotik.

"Hakuna," akasema, kwa mshangao kidogo. Kisha akasogeza sahani, akaomba aongezewe viazi.