Chumvi Niliyoipeleka Marui

Mume wangu alikuwa akienda Marui kwa ndala na kurudi Kibaha kwa viatu. Hiyo ndiyo sababu ya safari yangu. Daktari alishatuambia figo zake zimechoka: ameze vidonge kila siku, chumvi asiiguse. Kwangu mimi, mke mkubwa, miguu yake ilivimba hadi viatu vikakataa kuingia. Kwa Chausiku, mke mdogo, ilinywea. Hapa Kibaha, mtaa wa Kwa Mathias, kwenye genge langu la mboga, wateja wakaanza kuniuliza huwa nampikia nini. Swali kama hilo huozesha nyanya.

Alfajiri ya Jumamosi, yeye akiwa zamu ya Marui, nilifunga pakiti mbili za chumvi kwenye kanga. Wakati ule chumvi ilikuwa ya foleni, ila mimi nilikuwa na njia zangu. Nilitaka Chausiku aione, ajue neema iko nyumba ipi.

Basi la kwanza lilinifikisha Dar, la pili Kisarawe. Hapo nikangoja mpaka jua la utosi ndipo likaja lori linalokwenda kupakia mkaa. Dereva akataja nauli; nikamwambia sijaja kulinunua lori. Akacheka, akapunguza. Nikampunguzia tena.

Marui nilifika alasiri. Chausiku alikuwa anatwanga kisamvu.

"Shikamoo, dada! Mbona hukutuma hata salamu?"

"Marahaba. Ningetuma, ungefagia."

Nikamkabidhi chumvi. Akashukuru vizuri, kisha akapaza sauti kwa jirani: "Mama Salehe, njoo uchukue chumvi, dada yangu kaleta!"

Nikaikunja kanga iliyobaki tupu.

Jioni likawekwa sinia moja mkekani: ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Mume wangu, watoto, Chausiku na mimi, mikono yote mle. Nikatafuna. Chumvi hakuna, hata ya kumdanganya mtoto.

"Watoto hawalalamiki?"

"Walilalamika mpaka wakachoka," alisema Chausiku, akikamulia ndimu upande wa mume wetu. "Anachokula baba yao ndicho chakula cha nyumba."

Mume wetu alipomaliza akameza vidonge vyake palepale, huku akitaniana na watoto. Kwangu sikuwahi kumwona akicheka na kidonge mdomoni.

Alipokwenda kunawa nikamfuata.

"Kwangu pia nakupikia bila chumvi. Mbona unavimba?"

Akaitazama miguu yake. "Kwako napewa sahani yangu na kifuniko chake, mama Zuhura. Nyie mnacheka kwenye sinia, mimi niko kitini kama mkaguzi. Nikiinuka, naenda kwa muuza supu."

"Supu yenye chumvi!"

"Supu yenye watu."

"Na vidonge?"

"Nikishakunywa supu, naona haya kuvimeza."

Kesho yake, wakati wa kurudi, sikubishania nauli. Dereva akaniuliza kama naumwa.

Kibaha, zamu yangu ilipofika, sahani na kifuniko nilivitia uvunguni. Nikapakua sinia moja, chumvi hamna. Zuhura, binti yangu, akaonja akauliza, "Mama, kwani sote tunaumwa?" Nikamwambia ale.

Nilichojifunza Marui Chausiku hatakisikia kinywani mwangu: mume wetu hakushindwa na dawa, alishindwa kula peke yake. Muuza supu akaanza kuniuliza mume wangu kapotelea wapi.

Zamu yangu ikaisha. Asubuhi ile viatu vikamwingia bila kusukumwa. Akavifunga kamba, akanishukuru, akaondoka navyo kwenda Marui.