Nilimchora mama mkwe wa dada yangu kwa style ya anime, tukamfunulia picha mbele ya ukumbi mzima

Wakuu heshima kwenu, na wadada mliomo humu pia.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe mwaka huu, sijatia chumvi popote. Anayetaka kucheka acheke, kuna sehemu hata mimi nilicheka kabla sijaelewa nimefanya nini.

Mimi ni binti, naishi Mpanda mjini, nafanya kazi stationery. Natoa kopi na kulaminate vyeti vya watu. Ila kitu ninachokipenda kwa moyo ni kuchora.

Nimechora anime tangu sekondari. Kwa asiyejua, ni ule mtindo wa katuni za Kijapani. Macho makubwa yana nyota ndani, pua kama nukta, kidevu chembamba, nywele kama mtu kasimama mbele ya feni. Nilijifunza mwenyewe kwa kuangalia video kwenye simu mpaka bando linakata.

Mwaka jana nikajiunga na darasa la kuchora la Jumamosi. Linafanyika kwenye ukumbi wa kanisa, na anayefundisha ni baba mmoja anayechora mabango na kuta za shule. Tunamwita Mwalimu tu.

Pale darasani nilikuwa staa, niseme ukweli. Wenzangu wanahangaika na mstari wa shavu, mimi nimeshamaliza sura na nywele. Kila mtu alitaka nimchore "kianime" aweke profile. Kichwa kikavimba.

Mwalimu peke yake ndiye hakuvutiwa. Alikuwa akipita nyuma yangu anasema, "Mkono unao. Lakini hii style umeazima. Yako iko wapi?"

Namjibu, "Mwalimu, hii ndiyo yangu."

Siku moja akachukua michoro yangu ya wanadarasa akaibandika ukutani. Akakata vipande vya karatasi, akaziba nywele zote. Halafu akauliza, haya, nani ni nani?

Hakuna aliyejitambua, wakuu. Kuna kaka mmoja ana ndevu kabisa, akanyooshea kidole picha ya Fides, binti anayekaa naye meza moja, akasema ndiye yeye. Watu walicheka hadi machozi.

Mimi nikanuna. Nikajisemea huyu mzee hajui mambo ya kisasa, ana wivu na vijana.

Sasa niwape siri ndogo ya kazi, maana ndiyo iliyoniponza.

Kwenye anime macho mawili yanatakiwa yafanane. Kwa hiyo nilikuwa nachora jicho moja tu. Naweka tracing paper, ile karatasi nyepesi inayoonyesha, juu yake, nalinakili kwa penseli laini, nageuza ile karatasi upande wa pili, nasugua. Jicho la pili linatokea lenyewe, limefanana na mwenzake kama pacha. Sikuwahi kuchora jicho la pili la mtu yeyote.

Tuendelee.

Dada yangu Yusta alipata mchumba, jina lake Kulwa, kijana wa Kisukuma. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka kaskazini zamani, sasa wanaishi Inyonga. Wana mifugo na wanalima tumbaku. Watu wastaarabu sana.

Mama yake, Mama Kulwa, ana jicho la kushoto lililoharibika. Kope imeshuka limebaki kama limesinzia, na kuna kovu linatoka kwenye nyusi mpaka shavuni. Ng'ombe alimpiga pembe akiwa msichana, anakamua.

Siku walipokuja kwetu kujitambulisha nilikuwa nawagawia soda, nikajikuta nimemkodolea macho. Akaniona.

Akasema, "Unaangalia jicho? Angalia tu, mwanangu, halina shida. Ng'ombe mwenyewe tulimla."

Nyumba nzima ilicheka. Yeye alicheka kuliko wote. Nilimpenda pale pale.

Ikafika maandalizi ya send-off, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Mnajua bibi harusi huwapa wakwe keki yao. Shangazi akasema keki kila mtu anatoa, sisi tuongeze kitu cha tofauti, na si tuna mchoraji humu ndani? Mama Kulwa achorwe, tumkabidhi picha kwenye fremu.

Nilifurahi jamani. Kazi yangu ya kwanza kuonekana mbele za watu.

Dada akanitumia picha ya Mama Kulwa kwenye simu. Yeye mwenyewe alisema hataki kuona mchoro, anataka ashangae na wengine ukumbini. Mwalimu sikumwonyesha, nilijua atakuja na maneno yake.

Nikachora jicho la kulia. Kubwa, zuri, lina nyota tatu ndani.

Nikafika la kushoto nikasita. Niliangalia ile picha kwenye simu, nikaikuza, nikairudisha. Halafu nikachukua tracing paper.

Nilijiambia nampa heshima. Nani anataka kovu lake litundikwe sebuleni? Huo ndio utetezi niliokuwa nao, na nimeutumia kwa watu wengi. Lakini ukweli ni kwamba sikujua kulichora. Kwenye mtindo wangu jicho la namna ile halikuwepo, kwa hiyo nikamfutia mtu la kwake.

Siku ya send-off ukumbi ulijaa. Wakwe wamekaa mbele, Mama Kulwa kapendeza, gauni la kitenge, kilemba na mtandio begani.

Mashangazi wakaingia wanacheza na fremu imefunikwa, muziki juu, vigelegele. MC anapiga kelele, "Mama Kulwa, simama ujione!"

Mama akasimama. Wakafunua.

Vigelegele vilianza vikafia njiani.

Kwenye fremu alikuwa binti wa miaka kama kumi na saba. Kidevu chembamba, macho mawili yamejaa nusu ya uso, kapua kadogo. Kilichokuwa cha Mama Kulwa pale ni kilemba peke yake. Watoto waliokuwa nyuma wakaanza, "Katuni! Katuni!" na watu wazima wakaanza kucheka kwa kujizuia.

MC akataka kuokoa jahazi. "Mama umerudi usichana!" Akaharibu zaidi.

Mama aliitazama ile picha muda mrefu. Halafu akaomba maiki.

"Ahsanteni wakwe zangu. Picha ni nzuri." Akaligusa jicho la kushoto. "Na hili jicho langu, nyie mmelipeleka wapi?"

Ukumbi mzima ulicheka, walidhani anatania kama kawaida yake. Hata mimi nilicheka, nimejibanza kwenye meza ya keki.

Halafu akakaa. Akauvuta ule mtandio kutoka begani, akaufunika upande wa kushoto wa uso wake.

Hakuushusha tena. Alilishwa keki akiwa ameushika. Alipiga picha na dada akiwa ameushika. Mama ambaye alitania jicho lake nyumbani kwa watu asiowajua, mimi nimemfanya ajifiche mbele ya ukumbi. Nilitamani umeme ukatike. Ulikaa siku nzima, wakati kwetu huku umeme tunaujua.

Dada hakunipigia kelele. Alinivuta pembeni akasema, "Mimi ndiyo naenda kuishi na yule mama. Wewe unabaki hapa na penseli zako." Alikuwa analia na vipodozi vyote usoni.

Kesho yake shemeji Kulwa alikuja nyumbani. Alikaa na mimi nje.

"Shemeji, sikulaumu. Ila ujue kitu. Baba alipotaka kumuoa mayu," ndivyo anavyomwita mama yake, "wazee wa kwetu walisema binti mwenye jicho la vile ng'ombe za mahari zipunguzwe. Baba akakataa. Akasema anatoa kamili, kama za binti yeyote. Ndiyo maana mayu hajawahi kulificha. Analitembeza."

Akanigeukia.

"Sasa jana ameniuliza, hawa wakwe wapya nao wanataka kulipunguza?"

Wakuu, nimewahi kufeli mtihani, nimewahi kuachwa. Sijawahi kujisikia mdogo kama siku ile.

Harusi ilifungwa, dada akaenda Inyonga. Kila nikimpigia namuuliza, mama vipi? Anajibu, yuko vizuri, hanisumbui. Halafu siku moja akaongeza, "Ila akija mgeni anajifunika."

Nikarudi darasani. Nikamweleza Mwalimu kila kitu, nikategemea aniambie si nilikwambia. Hakusema. Alinipa kioo na tepu ya karatasi. Akasema bandika kope yako ishuke, jichore.

Nilijichora hivyo Jumamosi nyingi. Sura yangu mwenyewe imepinda, jicho limelala. Wenzangu walipita wananiuliza anime imeenda wapi. Nilijifunza kwamba jicho lililolala linavuta na shavu, na mdomo pia unajipanga upya kulifuata. Vitu ambavyo ningeviona kwa Mama Kulwa kama ningeangalia.

Nilipojiona niko tayari nikapanda basi kwenda Inyonga.

Cha kwanza nilichokiona sebuleni ni ile fremu. Wameitundika juu ya redio, maana zawadi ya wakwe haifichwi. Nilikunywa chai nimeipa mgongo.

Jirani mmoja akaingia, akaitazama, akasema, "Mama Kulwa, kumbe ulikuwa mzuri hivi!"

Mama akajibu taratibu, "Ndivyo walivyonichora Mpanda."

Mtandio ulikuwa umeshapanda kabla jirani hajakaa.

Jirani alipoondoka nilipiga magoti. Nikaomba radhi. Mama akasema, "Inuka mwanangu, yameisha hayo. Hukutaka vibaya." Nikamwomba nimchore upya, safari hii kama alivyo. Akafikiri, akasema sawa, lakini nina maharage ya kuchambua.

Tukakaa nje ya jiko. Ungo mapajani mwake, mkono mmoja unachambua. Mimi nikatoa karatasi na penseli, tracing paper niliiacha Mpanda makusudi.

Nilipoinua macho kumtazama, mkono wa pili ukavuta mtandio ukafunika jicho.

Nikasema, "Mama, naomba uliache wazi. Nimekuja kwa ajili yake."

Akasema, "Acha tu, mwanangu. Siku hizi nimezoea hivi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepumua.

Basi nikachora kilichokuwepo. Jicho moja, dogo, limechoka. Vidole vimeshika kitambaa. Mikunjo ya mtandio pale ambapo palitakiwa kuwa na kile nilichojifunza. Nililia huku nachora, naye akajifanya anatafuta mawe kwenye maharage.

Niliporudi Mwalimu aliushika ule mchoro muda mrefu. Akasema, "Huu hujaazima kwa mtu. Huu ni wako."

Ameuweka ukutani darasani, mbele kabisa. Kila anayeingia anasema ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na mimi mwenyewe najua ni kweli. Nilitafuta style yangu miaka yote hii, nimekuja kuipata kwa gharama ya uso wa mama wa watu.

Nilichojifunza ni hiki. Unayemchora amekaa mbele yako na sura yake anaijua kuliko wewe. Ukimrekebisha bila kuombwa, umemwambia kuna kitu chake umekionea aibu. Anime sijaiacha, bado naipenda, ila simchori mtu nisiyemwangalia.

Dada anasema nivumilie, nirudi Inyonga baada ya mavuno, labda mtandio utakuwa umeshuka. Sijui.

Kinachonimaliza ni kwamba kila anayeuona ule mchoro, baada ya kuusifia, ananiuliza, "Mbona kajifunika?"

Huwa nawajibu kwamba siku ile kulikuwa na jua kali.

Nyie wakuu mngejibu nini? Semeni tu, hata kama ni la kuniumiza, nitasoma yote.