Nailoni ya Viti

Nimefungua mlango wa gari ninalotaka kumnunulia binti yangu, hapa Mkuyuni, na harufu ya nailoni ya viti imenikaba.

Gari la kwanza la dada yangu lilinukia hivihivi. Baba alichagua lenye injini ndogo, lisiweze kukimbia. Akakataza nailoni isitolewe. Hata mikanda ya usalama aliifunika kwa nailoni hiyo, isishike vumbi.

"Siku ukiliuza, liwe bado jipya," alisema.

"Sawa, baba," dada alijibu.

Lilirudi kutoka Magu likivutwa, limebondeka mbele, bila yeye. Nilichungulia ndani. Mkanda wa dereva ulikuwa bado chini ya nailoni, safi kabisa.

"Mzee, hujalinunua bado," muuzaji ananiambia.

Naendelea kuichana nailoni kwa meno.