Mbuzi ya Siti na Mashimo Sita ya Kambini

Jumapili ile Haruni alisimama kwenye kiwanja cha gofu cha Wazungu wanaojenga barabara, ameshika fimbo ya chuma kwa mikono miwili, anakitazama kijipira cheupe kama mtu anayemtazama nyoka bila kujua kama yu hai au amekufa.

Suruali yake ilikuwa ya mtumba. Miaka hiyo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, nguo zilijaa Kibiti nzima, ila hakuna aliyewaambia watu wa Ulaya wamletee Haruni saizi yake. Aliyekuwa na suruali ile mwanzo alikuwa mtu wa kula akashiba. Haruni ameifunga kwa kamba ya katani. Mkono mmoja unataka fimbo, mwingine unataka suruali.

"Piga, mtani!" Bushiri alisema. "Au unausomea dua kwanza?"

Aliyemfikisha hapo ni Bushiri huyohuyo. Ukoo wake ulishuka zamani kutoka milima ya Umatumbi, na tangu enzi za mababu ni watani na ukoo wa Haruni. Mtani akija msibani husema atakalo, huchukua atakacho, na hakasirikiwi. Siti, mke wa Haruni, alipofariki, Bushiri alikuja kwenye arobaini, akaingia jikoni, akatoka na mbuzi ya kukunia nazi kwapani. Mbuzi ambayo Siti aliikalia tangu alipoolewa, mpaka ubao ukashika umbo lake.

"Hii sasa yangu," akasema mbele za watu. "Mwenye uchungu nayo aigomboe."

Watu walicheka. Haruni hakucheka. Wala hakulia, si siku hiyo wala siku ya maziko. Alikaa tu, kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Tangu hapo akawa mtu wa ndani. Mihogo ikachemshwa bila nazi, ikaliwa bila nazi. Kukuna kwenyewe hajui. Hiyo mbuzi angeipata angeifanyia nini? Lakini pale mlangoni pa jiko palibaki patupu, na kila akipita mguu wake uliruka kitu ambacho hakipo.

Basi akaenda kuiomba. Bushiri alikuwa kibarua kwenye kambi ya Wazungu hao, kazi yake kufyeka majani kwenye kiwanja kidogo cha gofu ambacho wahandisi walijichongea nyuma ya karakana. Mashimo sita tu, kila shimo na bendera yake, na kulizunguka kuna duara la mchanga uliomwagiwa oili chafu ili mpira uteleze.

"Nikupe bure? Nitakuwa mtani gani mimi?" Bushiri alisema. "Tucheze. Jumapili wenyewe wanakwenda Nyamisati kuvua. Mwenye mapigo machache, shimo lake. Ukinishinda, mbuzi yako. Nikikushinda, mke wangu ataikalia mpaka kiyama. Na ukikasirika tu, umeshindwa."

"Mchezo siujui."

"Kulima unajua? Basi unaujua."

Hapo ndipo alipopotezwa. Jumapili hiyo alipiga kama alivyoambiwa. Fimbo ikapanda juu ya kichwa, ikashuka kama jembe la masika, ikazama. Donge la udongo likaruka mbali sana. Mpira ukabaki palepale.

Dadi, mlinzi wa kambi, ndiye aliyewafungulia geti, na ndiye aliyejifanya mwamuzi wa mchezo. Akalisindikiza lile donge kwa macho.

"Limekwenda vizuri, mzee Haruni," akasema kwa adabu. "Sasa tufuate lipi?"

Mpaka anafika kwenye bendera, Haruni alikuwa ameacha nyuma yake matuta ya kutosha kupanda viazi. Shimo la kwanza likawa la Bushiri.

La pili lilipita kando ya shamba la mihogo. Mpira wa Haruni ukaingia humo humo, kana kwamba umemsikia mwenyewe anavyopenda mihogo. Akauona chini ya shina, umezungukwa na magugu. Akainama. Akang'oa gugu moja lililomzuia. Akang'oa na la pili, maana lilikuwa limemea vibaya. Shamba la watu linaharibika hivihivi! Akasogea, akang'oa, akakung'uta udongo kwenye mizizi, akapanga magugu pembeni kama alivyofunzwa na baba yake. Alipoinua kichwa, wenzake walikuwa wamesimama wanamtazama.

"Kila gugu ni pigo," Bushiri akasema.

"Sheria hiyo ipo?"

"Wenyewe hata jani hawagusi. Wewe umepalilia tuta zima! Dadi, hesabu."

Dadi alihesabu mpaka akachoka. Shimo la Bushiri.

Basi kufikia shimo la tatu Haruni alikuwa amekwisha kata tamaa, na hilo ndilo lililomfaa. Mbele palikuwa na bwawa, pale ambapo magreda yalichimba kifusi cha barabara, mvua ikajaza, kambare wakahamia. Bushiri alisimama kama wahandisi wanavyosimama, akatikisa kiuno, akatazama upepo ambao haukuwepo, akapiga. Mpira ukapaa vizuri mno. Ukatua katikati ya maji.

"Kambare amepata yai," Dadi akasema.

Wa Haruni haukujua kupaa. Ulijiviringisha kwenye njia ya magreda, ukalizunguka bwawa taratibu kama mgonjwa aendaye zahanati, ukafika. Mwenye nguvu ameruka, mwenye woga amepita kando. Shimo la Haruni. Akajishika asitabasamu, akaona aibu kujisifia woga.

La nne lilikuwa kwenye mikorosho. Pigo la kwanza la Haruni liligonga mkorosho, likarudi, likampita sikioni. La pili vilevile. Ule mti ulikuwa unacheza kuliko yeye. Ila walipofika kwenye mchanga wa oili, mambo yakageuka. Bushiri kila akipiga, mpira ulilipita shimo kwa majivuno, akaufuata, ukalipita tena. Haruni aliusukuma polepole, namna mtu anavyomrudisha kifaranga kwa mama yake. Ukaingia, shimo likawa lake. Hapo alisahau suruali, akainua mikono yote miwili, nayo ikaporomoka.

"Funika uzee, mtani!" Bushiri akapiga kelele. "Huu ni uwanja, si jando!"

Shimo la tano lisisemwe. Wote walipiga majanini, wote walitafuta, na walichopata ni upupu. Dadi aliwakuta wakikunana migongo, kila mmoja mgongo wa mwenzie, akaamua hakuna mshindi.

Mbili kwa mbili, likabaki la mwisho.

Hili Haruni alilicheza kama mtu. Hata yeye hakujielewa. Bushiri alimaliza kwanza, na mpira wa Haruni ulikuwa umelala shibiri moja tu kutoka shimoni. Akiutia kwa pigo moja, mbuzi inarudi nyumbani. Akashika fimbo. Akajiona mwenyewe: mzee mzima, mgane, amejaa upupu na oili, roho juu kwa ajili ya kitobo cha ardhini.

Bushiri aliliona hilo. Akaweka fimbo chini. Akavua shati, akalifunga kiunoni kama kanga. Mkono wa kushoto akauweka nyongani. Akaanza kutembea kuelekea kwenye bendera, ameegemea upande, kidevu mbele, na sauti akaipandisha, nyembamba, ya kukaripia.

"Baba Muzda! Baba Muzda wee! Nimekwambia ufunge kuku, umejifunga wewe!"

Dadi akakitoa mdomoni kijiti alichokuwa akitafuna.

Alikuwa Siti, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. Mwendo wake, nyonga yake mbovu, hata kile kidevu. Haruni alihisi kitu kinampanda, akadhani ni hasira, akajua ameshindwa. Haikuwa hasira. Alicheka. Alicheka mpaka fimbo ikaugusa mpira, mpira ukaliparaza shimo na kwenda zake. Akaketi juu ya mchanga wa oili na kucheka, na kicheko kikageuka maji, yakamtiririka mpaka ndevuni, na hakuyafuta.

Dadi akageuka kulitazama geti, ingawa getini hapakuwa na mtu. Baadaye akasema kwa sauti ya chini:

"Mzee, bado unaweza kusawazisha. Inuka umalizie."

Haruni hakuinuka.

"Mbuzi kaa nayo," akamwambia Bushiri. "Rudia."

"Nirudie nini? Kupiga?"

"Kutembea. Mguu wa kushoto alikuwa akiuchelewesha. Wewe umeuwahisha."

Bushiri akalikaza shati kiunoni, akaenda mpaka kwenye uzio, akarudi.

"Hivi?"

"Polepole," Haruni akasema. "Hakuwa na haraka."

Bushiri akarudi uzioni, akaanza upya.