Mkongojo Juu ya Kabati

Pale kwenye duka la dobi walimwita Pole. Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za ajira, na hata yeye mwenyewe, ukimwita kwa jina hilo, aligeuka baada ya kufikiri kidogo. Jina la Pole alipewa na mfuaji, mwenzake kazini kwa miaka kumi na saba, kwa sababu kabla hajamjulia mtu hali, neno la kwanza kumtoka kinywani lilikuwa hilo. Ukipiga chafya, pole. Ukivunja kikombe chako mwenyewe kwa uzembe wako mwenyewe, pole. Siku mfuaji alipokuja kazini anameremeta, akatangaza kwamba mkewe amejifungua salama mtoto wa kilo tatu na nusu, Pole aliweka pasi chini, akamshika bega, akamwambia, "Pole sana, kaka." Wakamcheka wiki nzima.

Alikuwa mpiga pasi, tena si wa kubahatisha. Shati likitoka mikononi mwake lilisimama lenyewe. Alikuwa mrefu kupita kiasi, kiasi kwamba milango yote ya mtaa aliijua kwa paji la uso. Na pamoja na pasi, alijulikana kwa jambo moja: penye mgonjwa hakosi. Wauguzi wa zamu walimzoea. Alijua benchi lipi la hospitali lina mguu mbovu na dirisha lipi hufungwa mapema. Watu wakisema, "Yule ni mtu wa watu," yeye alitazama chini kwa haya, lakini masikio yalikuwa wazi.

Basi mwaka mmoja Mwalimu, jirani yake Pole wa mlango wa mkabala, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alikuwa mama wa miaka sabini na moja, aliyestaafu baada ya kufundisha hesabu miaka thelathini na minne, akiishi peke yake kwenye vyumba viwili vyenye vitabu hadi jikoni. Bintiye alikuja kutoka mbali, akamuuguza wiki mbili, kisha kazi ikamwita. Kabla hajamaliza kufunga begi, Pole alikuwa mlangoni. "Dada, nenda na amani. Mimi nipo."

Na kweli alikuwepo. Kwa miezi mitano, kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu alivuka ukumbi na chai, mkate na mayai aliyopika mkewe. Jioni, akitoka kazini, alipitia na gazeti, akaketi kando ya kitanda na kusoma kwa sauti. Mwalimu alifumba macho, akasikiliza, na kila baada ya muda akainua kidole.

"Rudia sentensi hiyo. Umemeza nukta."

"Samahani, Mwalimu."

"Nukta si pipi, mwanangu."

Pole alikuwa na miaka hamsini na miwili, watoto wake wamekwishaondoka nyumbani, na bado maneno hayo yalimkaa vizuri moyoni kuliko sifa zote za mtaani.

Katika mwezi huo wa tano dada wa mazoezi ya viungo, aliyekuja kila Alhamisi kutoka hospitali, alileta mkongojo na kusema sasa Mwalimu anaweza kutembea mwenyewe, asubuhi na jioni, dakika kumi kumi. Mwalimu hakusubiri kuambiwa mara mbili. Jumamosi ile Pole alivuka ukumbi na sinia lake, akakuta kitanda kimetandikwa na chumba kitupu. Mwalimu alikuwa nje, getini, ameegemea mkongojo, anacheka na mama muuza mboga.

"Shikamoo, Mwalimu. Chai imefika."

"Marahaba, baba. Nimeshachemsha mwenyewe, nimekunywa. Hiyo kanywe wewe leo."

Pole alirudi na sinia. Kitu fulani kilimkaa kifuani, mfano wa shati ulilolinyoosha kwa nusu saa kisha mwenye shati akalikunja na kulitia mfukoni huku unamtazama. Akadhani ni njaa. Akala mayai yale, na kitu kile hakikuondoka.

Jumatatu mkongojo haukuonekana.

Mwalimu alisema aliuacha pembeni mwa meza. Pole alipiga magoti akatazama chini ya kitanda, nyuma ya mlango, bafuni, jikoni kati ya mafagio. Hakuna. "Pole, Mwalimu. Basi wewe pumzika, usihangaike. Mimi nipo." Siku tatu Mwalimu hakutoka. Siku tatu chai ilivuka ukumbi asubuhi na gazeti likasomwa jioni. Kazini, mfuaji alimuuliza kwa nini anapiga mluzi. Yeye hata hakuwa amejisikia.

Alhamisi jioni dada wa mazoezi alifika. Alipoambiwa, aliangaza macho chumbani, akavuta kigoda, akapanda na kupapasa juu ya kabati la nguo. Akashuka na mkongojo. Ulikuwa umelazwa kule juu sambamba na ukuta, umenyooka.

"Haya, nani mrefu hapa?" akauliza kwa utani.

Wote watatu wakacheka. Pole alicheka kuliko wote. Kisha, alipokuwa akivuka ukumbi kurudi kwake, akasimama katikati.

Kwa sababu hakukumbuka. Alikumbuka kwamba Jumapili jioni, Mwalimu amejilaza, alifagia chumba kile na kuhamisha vitu. Huenda mkongojo ulimzuia kufagia. Lakini mtu akihamisha mkongojo anauegemeza ukutani, haupeleki darini. Hilo moja. La pili ndilo lililomvuruga zaidi: siku tatu alikuwa ametafuta kwa magoti. Yeye, ambaye juu ya lile kabati kwake ni usawa wa macho, hakutazama juu hata mara moja.

Kesho yake aliunguza kola ya shati jeupe, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu awe fundi. Mfuaji alikuja, akanusa, akaitazama ile kola.

"Kaka, uko wapi?"

Pole akamweleza yote. Mfuaji akapangusa povu mikononi.

"Umesahau tu. Umri huo. Mimi juzi nimetafuta miwani nimeivaa."

"Miwani unaivaa. Huipandishi juu ya kabati la mtu."

"Sikiliza. Wewe ni mtu mzuri, kila mtu anajua. Yaishe. Fikiria shati."

Maneno hayo ya mtu mzuri, ambayo siku zote yalimwingia taratibu kama chai ya moto, siku ile yalimchoma.

Jioni, walipokuwa wanakula, alimtazama mkewe muda mrefu mpaka mkewe akaacha kutafuna.

"Kuna nini? Nina kitu usoni?"

"Mama watoto, hivi mimi nikoje?"

"Ukoje vipi?"

"Kwa jumla. Mtu wa namna gani."

Mkewe aliwaza, akijua kwamba swali la namna hiyo kwa mume wake si la kawaida. "Nikiumwa," akasema, "hakuna mume kama wewe mjini hapa."

"Na nisipo... na usipoumwa?"

"Nisipoumwa unanipita kama unavyopita hiyo meza." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja rangi ya pazia. Kisha akaongeza, "Ndiyo maana siku nyingine nasema kichwa kinaniuma."

"Na hakiumi?"

"Siku nyingine kinauma."

Pole aliacha kula. Alianza kuhesabu vichwa vyote vya miaka ile ishirini na tisa, vile vya kweli na vile vya kusingizia, akashindwa kutenganisha. "Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, baba watoto? Unaniletea maji ya moto, unanikanda miguu, unaniuliza nasikiaje. Nani anakataa?" Akachota mchuzi. "Kula, chakula kinapoa."

Tangu hapo Pole akawa hajielewi. Alijifuatilia mwenyewe kama askari anayemfuata mwizi, ila mwizi na askari walikuwa wamevaa kiatu kimoja. Akimsaidia mtu kubeba mzigo, alijiuliza: je, ningebeba kama hakuna anayenitazama? Akimpisha mtu kiti, alijichunguza kama amefurahi, na akikuta amefurahi aliudhika, na akikuta hakufurahi aliudhika vilevile. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kwenda kwa mtu mzima wa afya, asiye na msiba wala bandeji. Akakosa.

Siku zile mama wa mfuaji akalazwa kwa shinikizo la damu. Kwa desturi yake Pole angekuwa kitandani pale kabla hata mgonjwa hajapangiwa wodi. Safari hii alisita. Alijiambia hataenda mpaka ajue anakwenda kwa ajili ya nani. Ikapita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne mfuaji alikuja akasimama mbele ya meza ya pasi, uso umekunjamana.

"Mama ameuliza, yule mrefu yuko wapi."

"Kaka, nilikuwa... nilikuwa nafikiri."

"Unafikiri nini? Mama yangu amelala kule, wewe unafikiri?"

Pole alizima pasi. Alivua aproni, akaomba ruhusa, akaenda mchana uleule. Yule mama alifurahi mno, akamshika mkono, na furaha ile ilimchanganya zaidi. Kumbe hata kutokwenda kwake alikuwa amekufanya kwa ajili yake mwenyewe, ili ajione msafi, na aliyeumia ni mgonjwa. Akienda, nafsi yake imo; asipoenda, imo vilevile. Alitoka wodini kichwa kinamzunguka, akakosea mlango, akajikuta chumba cha kuhifadhia mashuka.

Jumapili mchana akapiga moyo konde. Alivuka ukumbi mikono mitupu, akamkuta Mwalimu amesimama jikoni anamenya viazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vipi, leo huna gazeti?"

"Mwalimu, ule mkongojo. Nadhani ni mimi."

"Unadhani?"

"Sikumbuki. Lakini ni mimi."

Mwalimu aliendelea kumenya, ganda likateremka refu bila kukatika. "Ni wewe," akasema. "Nilikuwa nimelala upande ule, macho yangu wazi. Uliufuta kwanza kwa kitambaa. Halafu ukaulaza kule juu taratibu, kama unalaza mtoto mchanga."

Pole alitafuta pa kukaa. Alikalia gunia la viazi. "Uliniona?"

"Nilikuona."

"Na siku tatu nilizotambaa chini ya kitanda?"

"Nilikuwa nakutazama. Kila jioni nikasema, leo atainua macho. Hukuinua."

"Sasa kwa nini ulinyamaza, Mwalimu?"

Hapo kisu kilisimama. Yule mama aliyesahihisha madaftari ya vizazi viwili alitazama dirishani. "Sijui," akasema. "Nimejiuliza. Pengine niliogopa kwamba nikishatembea hutakuja tena. Pengine nilikukasirikia, nikataka nione utafika wapi. Au ulikuwa uvivu tu, asubuhi zile zilikuwa na baridi, na chai ya mkeo ni nzuri kuliko yangu. Kila nikishika sababu moja, nyingine inachomoka."

"Hata mimi."

"Basi."

Mwalimu akashika kiazi kingine. Kiazi kikaanguka, kikabingirika hadi mlangoni, hakuna aliyekifuata.

"Lakini Mwalimu," Pole akasema mwishowe, na sauti yake ikawa ya mtu anayeomba, "sasa mimi ni mtu wa namna gani?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nilikuwa nafundisha hesabu."

Pole alicheka bila kutaka, Mwalimu naye akacheka, kisha akamwambia ainuke, anamkalia viazi. Alipokuwa anatoka akamwambia, "Alhamisi jioni uje. Usilete kitu."

Alhamisi akaenda. Haikuwa rahisi. Alikaa kwenye kiti na mikono yake ikawa mirefu kuliko kawaida, hana pa kuiweka. Hapakuwa na sinia la kushika wala mto wa kunyoosha. Mwalimu alisimulia jinsi alivyogombana na mama muuza mboga kuhusu nyanya zilizolala. Hadithi ilikuwa ndefu. Pole aliona inamchosha, akashtuka kuona inamchosha, akajikaza kusikiliza, na katikati ya kujikaza akapotewa na mahali ugomvi ulipofikia. Mara Mwalimu akakohoa. Kabla hajajijua, Pole alikuwa amekwishasimama, kikombe cha maji mkononi, moyo unamdunda kwa kitu ambacho kama si furaha basi kilikuwa ndugu yake.

"Kaa chini," Mwalimu akasema. "Ni kikohozi tu."

Akakaa, kikombe mkononi. Alipofika nyumbani mkewe alimuuliza, vipi huko? Akajibu kwamba hajui, na lilikuwa jibu la kweli kabisa.

Alhamisi iliyofuata alisimama ukumbini muda mrefu, mkono umeinuliwa kubisha hodi, akijiuliza anafuata nini humo ndani. Mlango ukafunguliwa kabla hajaugusa. Mwalimu alikuwa amevaa viatu vya kutokea na ushungi mpya, mkongojo mkononi.

"Naenda posta kutuma barua kwa binti yangu. Kama unataka kutembea, twende. Kama hutaki, nenda kalale."

Pole akamfuata. Mtaa ulikuwa na watu wanaotoka makazini, wengine wakamsalimia kwa jina lake la utani, akawaitikia. Mwalimu alitangulia kwa mwendo wake wa polepole, na Pole nyuma yake kidogo, mkono wake wa kulia umenyanyuka nusu, haupo mfukoni, wala haujafika kwenye kiwiko cha yule mama. Walivuka barabara ya kwanza hivyo hivyo, wakavuka ya pili. Kwenye ngazi za posta Mwalimu aligeuka akautazama ule mkono unaoning'inia hewani.

"Unataka kunishika au hutaki?"

"Sijui, Mwalimu."

"Basi shika barua," akasema, akampa, akaanza kupanda.