Kura ya Mwalimu Ndila

Mwalimu Ndila wa Kathonzweni alijulikana kwa kutafsiri. Mhubiri mgeni akija, mkalimani ni yeye. Daktari wa ng'ombe akija, ni yeye. Na hakuwa mtu wa kukubali kwamba neno limemshinda, hata kidogo. Kwa hivyo mwaka wa sabini na nane, Bwana Mutie, mtafiti wa mbegu mpya ya mahindi, alipomletea karatasi zake awaeleze wakulima kwa Kiswahili, alizipokea kifua mbele.

Mambo yaliharibika aliposema kwamba nusu ya mashamba yatapata mbegu mpya, nusu yatabaki na ya zamani ili yalinganishwe, na kwamba mashamba yatachaguliwa kwa kubahatisha. Watu wa kanisa wakanuna. Kubahatisha si kamari hiyo? Ndila akawatuliza haraka: hii ni kura tu, kama ile mitume waliyompigia Mathia. Wakaridhika, vikaratasi vikachotwa kwenye kofia, Ndila akavisoma.

Lo! Mama mkwe wake, Kalunde, akaangukia mbegu ya zamani.

Kalunde alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Ikiwa kura ni ya Mungu, basi Mungu amemkataa hadharani, na aliyesoma hukumu ni mke wa mwanawe. Akaacha kuonja chakula cha Ndila. Salamu akawa anazituma kupitia watu wengine. Ndila alieleza mpaka akachoka, kwamba hesabu haimjui mtu, kwamba kundi la kulinganisha lina maana vilevile. Wapi! Ilimuuma sana, maana alimpenda yule mama kuliko alivyompenda mumewe, siku nyingine.

Waliokataliwa nao wakatubu kwa jembe. Walichimba matuta upya, wakabeba samadi ya mbuzi, wakapalilia mpaka magugu yakakata tamaa. Waliochaguliwa walikaa kivulini wakingoja neema.

Mavuno yakaja. Bwana Mutie alipima, akapima tena, akajikuna kichwa: mbegu ya zamani imeshinda. Akamwomba Ndila atangaze kwamba utafiti umeharibika, utarudiwa msimu ujao kwa kura mpya. Ndila akatangaza, asithubutu kumtazama mama mkwe.

Kalunde akainuka, akaja mpaka mbele, akamshika mkono kwa mara ya kwanza tangu kupanda.

"Mwanangu," akamnong'oneza, "ghala imejaa. Hiyo kura yenu ikija, fanya mpango nikataliwe tena."