Dirham Iliyong'atwa Kiwandani

Kadhia nzima ilinigharimu dirham mia moja na arobaini na tatu. Sitini za siku ya kazi niliyokatwa, hamsini na sita za teksi kwenda na kurudi Mirdif, ishirini za kukodi kioo, tano za fundi vyuma, mbili za abra, ile mashua ya kuvukia. Nimehesabu tena sasa hivi, ni hizo hizo. Sijaingiza shilingi mia ya Tanzania niliyoiharibu kwa makusudi, kwa sababu kule Naif isingeninunulia hata njiti ya kiberiti.

Nilikuwa nakaa kwenye kaunta ya duka moja la Naif, Dubai, linalopeleka bidhaa Mombasa na Dar. Ukishika sarafu kutwa nzima, unaanza kuzijua sura. Siku moja mwenzangu wa chumbani, Mkenya aliyekuwa dobi wa hoteli, aliniletea dirham ya ajabu: nene ukingoni, ndogo kuliko wenzake, midomo imejikunja kwa ndani. Nikajiona tajiri. Nikavuka kwa abra hadi Bur Dubai, kwa Mhindi mmoja mzaliwa wa Unguja aliyeuza sarafu za zamani kwenye kiduka kilichobanwa na maduka ya vitambaa.

Aliitazama kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuifungua kwenye leso.

"Aliyekupa hii ni dobi?"

"Umejuaje?"

"Imenasa kwenye mashine ya kukaushia nguo, ikagongwagongwa miezi. Hii haikukosewa, bwana. Hii imepata ajali."

Elimu yenyewe ndiyo hiyo. Sarafu iliyotoka kiwandani na kosa lake ina wanunuzi. Iliyoumizwa baadaye ni majeruhi tu. Nilirudi kwake mara nyingi, nikiuliza bila kununua, naye akijibu bila kunikaribisha chai. Hatukudaiana.

Siku nyingine alinionyesha yenye pengo. Kiwandani, alisema, mashine hukata visahani vitupu kwenye bamba la chuma. Bamba likichelewa kusogea, kisahani kinachofuata hukatwa kikiwa kimepanda juu ya tundu la mwenzake, kikatoka kimeng'atwa. Kisha kinapigwa chapa hivyo hivyo. Sasa, kwa kuwa penye pengo hapana chuma cha kusukumana nacho, ukingo wa upande wa pili, unaoelekeana na pengo, haunyanyuki sawasawa.

"Mwenye tupa haliwezi hilo," alisema. "Yeye akata hapa, kule wala hakujui."

Haikupita muda, binti wa mama yangu mdogo akanipigia simu. Alikuwa akifanya kazi za ndani Mirdif, mshahara dirham mia sita.

"Kaka, sir anasema nimekata sarafu ya marehemu baba yake. Ananikata mishahara miwili."

"Umeikata?"

"Niikate na nini, kisu cha kuku?"

"Pengo lake limenyooka au la mviringo?"

"Mimi nalia, wewe unaniuliza mviringo."

"La mviringo?"

"La mviringo."

Mishahara miwili ilikuwa ada ya mwanawe, ambayo shule ya Tanga ilikuwa imeshaisubiri na kuchoka. Nikaenda kwa yule Mhindi kuomba kioo chake cha kukuzia. Akataka hamsini, nikampa ishirini na mgongo, akaniita kabla sijafika mlangoni. Halafu nikampa fundi vyuma wa Naif ile shilingi mia, nikamwambia aitie pengo la mviringo kwa tupa, safi kadiri awezavyo. Alhamisi, siku ambayo sir hakwenda ofisini na mimi nilitakiwa kazini, nikapanda teksi.

Sir alinielekeza nimsubiri jikoni. Nikamwambia sarafu hutazamwa kwenye mwanga, na mwanga naona uko sebuleni.

"Wewe nani? Wakili wake?"

"Wakili angekuja na gari lake, sir."

Madam, mkewe, akacheka kidogo, akajifanya anakohoa. Nikaingia sebuleni.

Sir akaleta sanduku la mbao, akatoa dirham moja, ile yenye birika. Iling'aa kama jino la fedha. Pengo lilikuwa karibu na mdomo wa birika.

"Baba hawezi kuweka sarafu iliyokatwa," akasema. "Miaka yote sijaona kitu. Juzi nafungua, naona hii. Nyinyi watu mnagusa kila kitu."

"Watu tuko wawili, sir. Tuanze na sarafu."

Nikaweka kioo. Ukingo unaoelekeana na pengo ulikuwa hafifu, kama umechorwa na mkono uliochoka. Nilishusha pumzi. Halafu nikaona kitu kingine: mikwaruzo myembamba, mamia, yote inazunguka. Nikamtazama dada yangu, aliyesimama mlangoni. Yeye akatazama pazia.

Mikwaruzo nikaiacha. Nilimpa sir kioo na ile shilingi mia.

"Hii nimeikatisha mimi, kwa tupa. Tazama upande wa pili wa pengo. Ukingo umesimama wote. Sasa tazama ya baba yako."

Akatazama. Akarudia. Nilimheshimu kwa kurudia.

"Ilitoka kiwandani hivi," nikasema. "Baba yako aliiweka kwa sababu ya hilo pengo. Yeye alijua anachokiweka."

 Madam ndiye aliyeuliza, "Na mshahara wake?"

"Khalas. Anapata wote," sir akasema. Akaigeuza sarafu kwenye mwanga, uso umelainika. "Angalau anaziweka safi."

 Dada yangu akanisindikiza hadi getini.

"Umeisugua na nini?"

"Ndimu na chumvi. Kidogo na majivu ya ubani. Ilikuwa nyeusi kaka, kama sufuria ya msibani. Nikaona aibu."

"Pengo si kosa lako. Kusugua ndiko kuharibu. Mnunuzi akiona mikwaruzo ile, bei inashuka nusu au zaidi, na weusi ule haurudishwi na mtu."

Alifungua na kufunga komeo la geti.

"Mbona yeye amefurahi?"

"Kwa sababu hajui."

"Kaka."

"Nini?"

"Zile nyingine kwenye sanduku ziko kumi na moja. Nimeshasugua nane." Akageuka kutazama nyumba. "Wewe unayezijua, nishauri. Nimwambie leo, angali amefurahi, au nisubiri mshahara uingie kwanza?"